Mia Tisa Thelathini na Moja

Haykanush hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa bega,
baridi ya Gyumri ikaingia naye hadi miguuni pangu,
akaibwaga diski juu ya meza
kama mtu anayerudisha samaki aliyevunda.
"Vardges," akasema, "umeniuzia elfu.
Mashine yangu inaona mia tisa thelathini na moja.
Sitini na tisa ziko wapi?"

Nilikuwa nimeuma bisibisi. Nikaitoa mdomoni.
Miaka arobaini mama huyu ameuza jibini sokoni.
Jiwe la mizani hulijua kwa kiganja,
hulijua lililotobolewa chini na kuzibwa kwa nta.
Mtu wa namna hiyo humwambii habari za vipimo
kabla hujameza mate.

Nikameza. Nikamwambia haijaibiwa hata baiti moja.
Kiwandani huhesabu kwa vidole: kumi, mia, elfu,
na elfu yao ni elfu kavu, ya binadamu.
Mashine haina vidole.
Ina ndiyo, ina siyo, basi:
mbili, nne, nane, kumi na sita,
inarukaruka hadi mia tano na kumi na mbili,
ikiruka tena inaipita elfu
na kutua kwenye elfu moja na ishirini na nne.
Hapo ndipo inaposema: kilo.
Ishirini na nne si kitu, nani angegombana?
Lakini tofauti ile huzaa, na watoto wake huzaa,
ukifika gigabaiti ni ukoo mzima,
umekaa mezani, unakula sitini na tisa zako.
Diski ni ile ile.
Mawe ndiyo mawili.

"Mawe mawili, jina moja," akasema taratibu.
"Sokoni kwetu jambo hilo lina jina."
"Wizi?"
"Wizi una haya, mwanangu. Huu umechapishwa juu ya boksi."

Kisha macho yake yakatua kwenye kioo cha kompyuta yangu.
Kumbukumbu iliyofungwa: nane.
Inayotumika: saba nukta themanini na nane.
Akacheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani.
"Kumbe na wewe!"
Nikajitetea. Hiyo haikupotea, nilisema,
imo humo humo, nimeilipia, naweza kuigusa kwa kidole;
ila kabla sijafika kwenye kiti
kadi ya picha imeshakata fungu lake
ili nipate hata kuona kwamba imewaka.

Hapo hakucheka. Akavua glavu, akaketi.
"Hiyo naielewa," akasema.
"Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri.
Mpaka saa kumi na mbili simo.
Ndani nimo, lakini ukiniita siitiki,
najiwasha tu, goti kwanza, halafu jina langu.
Watoto wangu wananihesabia siku nzima.
Hakuna aliyewahi kuitoa saa ile."

Sikuwa na la kusema. Nikamuuliza anataka kuweka nini.
Harusi ya Gohar, ubatizo wa mapacha,
na dakika tatu za marehemu Mkrtich akimfokea mpiga picha.
"Zitaenea," nikamwambia. "Hata harusi ya pili itaenea."
"Gohar asikusikie."

Alhamisi akarudi. Nilikuwa nimemwagiza kilo moja ya jibini.
Kipande kilifungwa kwa gazeti, maji ya chumvi yakichuruzika,
nikakiweka kwenye mizani ninayopimia shaba chakavu.
Gramu mia tisa thelathini na moja.
Nikainua macho. Alikuwa anafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja,
uso mkavu kama mwendesha mashtaka.
"Mjukuu ndiye aliyepiga hesabu," akasema.
"Mimi nilikata tu."

Nikalipa kilo.